Lugha ya Maboya Baina ya Nchi Jirani

Askari wa wanamaji anayetoka Tanga usiku kuelekea mpaka wa Kenya hakuti kizuizi wala kibao njiani. Kinachomwongoza ni taa za maboya, na akizisoma vibaya huku akifukuza jahazi la magendo, mwamba haumsamehe yeye wala anayemfukuza. Kwa bahati njema, Tanzania, Kenya na Msumbiji zote zimo katika Eneo A la utaratibu wa kimataifa: chombo kiingiapo bandarini kutoka baharini, boya jekundu huachwa kushoto na la kijani kulia. Kitokapo, mambo hugeuka.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Hadi mwaka 1976 duniani kulikuwa na taratibu zaidi ya 30, nyingine zikipingana waziwazi. Januari 11, 1971, meli ya mafuta Texaco Caribbean iligongwa na Paracas katika Mlango-bahari wa Dover, ikazama. Kesho yake Brandenburg ikagonga mabaki yake. Februari hiyo Niki nayo ikazama hapo hapo, ijapokuwa mahali hapo palikwisha kutiwa alama. Watu wapatao 50 walikufa. Ndipo mwaka 1980 mkutano wa Tokyo ulipokubali utaratibu mmoja wenye maeneo mawili. Nchi za Amerika, pamoja na Japani, Korea na Ufilipino, zikabaki na nyekundu kulia.

Limtatizalo zaidi mlinzi ni boya la nyeusi na manjano. Hilo halisemi kushoto wala kulia, bali hutaja dira. Pia mbili nyeusi zilizo juu yake zikichongoka juu zote, maji salama yako kaskazini ya boya. Zikichongoka chini, kusini. Vitako vikielekeana ni mashariki. Ncha zikielekeana ni magharibi. Usiku taa yake nyeupe humetameta mfululizo kwa kaskazini, mara 3 kwa mashariki, mara 6 na mmeto mmoja mrefu kwa kusini, na mara 9 kwa magharibi. Hizo ni tarakimu za uso wa saa, nazo zisomwe kama zilivyoandikwa: aliyezoea kuiita 3 saa tisa aweza kuipeleka mashua magharibi ya hatari iliyompasa kuipita mashariki.

Boya lililokatika mnyororo huendelea kuwaka mahali pasipo pake. Kwa hiyo nahodha mwangalifu hulilinganisha kwanza na ramani ya bahari na kipimo cha kina.