Jaji Asiyetumwa na Mtu

Wahenga walituonya tusimpelekee nyani kesi ya ngedere. Onyo hilo ndilo huwajia wengi akilini wasikiapo kwamba mwanasiasa ameteuliwa kuwa jaji. Iweje mtu aliyezoea kukipigia chama debe na kuwarushia wapinzani vijembe akalie kiti cha haki na kuamua bila kuegemea upande? Wanafunzi wangu wa somo la historia hulizua swali hili kila tufikapo kwenye mihimili mitatu ya dola. Leo naomba kulijibu kwa kuyatazama maisha ya mtu mmoja, Abner Mikva wa Marekani.

Mikva alizaliwa mjini Milwaukee mwaka wa 1926, mwana wa wazazi Wayahudi waliohamia huko kutoka Ukraine. Mwaka wa 1948, akisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Chicago, aliingia katika afisi ya mtaani ya chama cha Democratic ili ajitolee kufanya kampeni. Mkubwa wa afisi alimwuliza ametumwa na nani. Kijana akajibu kwamba hakutumwa na mtu. Akaambiwa kuwa pale hawakumtaki mtu asiyetumwa na mtu. Kisa hicho, alichokisimulia mwenyewe mara nyingi, kimekuwa maarufu mno katika masimulizi ya siasa za Chicago, jiji ambalo siku hizo kazi na vyeo vilipitia mikononi mwa wakubwa wa chama.

Hakukata tamaa. Baada ya masomo alikuwa msaidizi wa kisheria wa Jaji Sherman Minton wa Mahakama ya Juu, ambaye naye, ajabu ya mambo, alikuwa seneta kabla ya kuwa jaji. Mwaka wa 1956 Mikva alichaguliwa katika bunge la jimbo la Illinois, akahudumu miaka kumi. Mwaka wa 1968 alichaguliwa katika Baraza la Wawakilishi mjini Washington. Huko alivipinga vita vya Vietnam na kupigania udhibiti wa bastola. Mwaka wa 1972, baada ya mipaka ya maeneo ya uchaguzi kuchorwa upya, alishindwa. Mwaka wa 1974 akarejea. Na mwaka wa 1976 aliponea chupuchupu kwa kura 201 tu.

Rais Jimmy Carter alipomteua mwaka wa 1979 kuwa jaji wa Mahakama ya Rufani ya Shirikisho katika jiji kuu, watetezi wa bunduki walimjia juu. Seneti ilimwidhinisha kwa kura 58 dhidi ya 31. Hata hapo vita havikwisha. Seneta James McClure wa Idaho alikwenda mahakamani akidai kwamba uteuzi huo ulivunja katiba, kwa kuwa katiba ya Marekani haimruhusu mbunge, katika muda aliochaguliwa kuhudumu, kuteuliwa kushika wadhifa ambao mshahara wake umeongezwa katika muda huo huo. Mwaka wa 1981 kesi hiyo ilitupwa kwa sababu seneta hakuwa na haki ya kuileta, na Mikva akaendelea na kazi.

Je, alikuwa nyani mbele ya kesi ya ngedere? Tutazame mfano mmoja. Mwaka wa 1993 makundi ya watetezi wa mazingira na wa wanunuzi yaliitaka mahakama iilazimishe serikali kuandaa taarifa ya athari za kimazingira kabla mkataba wa biashara wa NAFTA haujapelekwa bungeni. Hao walikuwa watu ambao mbunge wa mrengo wa Mikva angetarajiwa kuwakumbatia. Yeye, akiwa jaji mkuu wa mahakama hiyo tangu 1991, ndiye aliyeandika uamuzi uliowanyima walichotaka. Hoja yake ilikuwa kwamba kuuwasilisha mkataba ni kitendo cha rais mwenyewe, na sheria waliyoitegemea inahusu vitendo vya idara za serikali. Najua mwanafunzi mdadisi atasema kwamba serikali iliyoshinda ilikuwa ya chama chake cha zamani. Ni kweli. Ndiyo maana jaji hupimwa kwa hoja alizoandika, wala si kwa jina la aliyeshinda.

Ubunge ulimpa hazina moja zaidi. Alijua jinsi sheria inavyozaliwa: mivutano ya kamati, maafikiano ya usiku, maneno yanayoachwa na utata kusudi ili kura zitimie. Kwa hiyo alishikilia kwamba jaji anapofasiri sheria ana haki ya kuzisoma ripoti za kamati zilizoitunga, ilhali wenzake wengine walisisitiza kwamba maandishi ya sheria pekee yatosha.

Lakini tabia njema ya mtu peke yake si ngao. Mla cha mwenziwe na chake huliwa, na jaji anayeweza kufutwa kesho ana deni kwa amwezaye kumfuta. Jaji wa shirikisho nchini Marekani huhudumu maisha yake yote maadamu ana mwenendo mwema, na mshahara wake haupunguzwi. Mikva alipotaka kuwa mshauri wa kisheria wa Rais Bill Clinton mwaka wa 1994, ilimbidi kwanza ajiuzulu ujaji.

Sisi Wakenya hatuhitaji kwenda mbali kulielewa jambo hili. Mwaka wa 1988 Bunge letu lilibadilisha katiba na kuwaondolea majaji ulinzi wa kazi zao, na ikabidi ulinzi huo urejeshwe mwaka wa 1990. Kifungu cha 160 cha katiba ya 2010 sasa kinasema wazi kwamba Idara ya Mahakama haipokei amri ya mtu yeyote.

Mikva aliwahi kumtaka kijana mmoja, mwana wa Mkenya, awe msaidizi wake mahakamani. Barack Obama alikataa kwa adabu. Mwaka wa 2014, akiwa rais, alimtunukia Mikva Nishani ya Uhuru. Mzee huyo alifariki mwaka wa 2016, tarehe 4 Julai, akiwa na umri wa miaka 90.

Walimu wenzangu, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1997 kwa heshima yake na mkewe Zoe huwafunza vijana wa Chicago kushiriki siasa pasipo kungoja kutumwa. Nasi tuwafunze wetu hivyo. Na jaji yeyote anapoteuliwa, awe ametoka bungeni au chuoni, wanafunzi wakichunguze kwanza kile kinachomlinda: kina nguvu za kutosha ili, akiulizwa ametumwa na nani, aweze kusema kwamba hakutumwa na mtu?