Mtoto Mkaidi Katika Nyumba ya Askari

Askari hufunzwa kutii amri bila ubishi. Arudipo nyumbani, Bilpam au Giyada, humkuta mwanawe hupinga kila aambiwalo, huwachokoza watu kusudi, na kosa lake humtwika mwingine. Wengi wetu huutafuta mkanda.

Madaktari wa akili huihesabu hali hiyo kuwa maradhi. Mwongozo wa Marekani wa 2013 wataka dalili zidumu miezi sita au zaidi, na ugomvi na nduguze pekee haitoshi. Hapa Juba hapana budi kuchunguza zaidi, kwani kijana aliyeyaona mapigano ya Desemba 2013 au Julai 2016 huenda ukali wake ni hofu tu.

Mkanda humzidishia uhasama. Tena Sheria ya Mtoto ya 2008 inakataza viboko, nasi wenye sare tungepaswa kuwa wa kwanza kuijua. Kifaacho ni amri fupi, moja moja, kwa sauti ya kawaida (sauti ya gwaride ibaki uwanjani). Sifa papo hapo atiipo. Na adhabu ndogo iliyotajwa mapema, kama kukosa mpira jioni, itolewayo kila akosapo. Baba atokaye kambi ya mbali asizipindue kanuni alizozikuta. Amwulize mama kwanza.

Mwaka 2016 Hospitali Kuu ya Juba ilikuwa na vitanda 12 tu vya wagonjwa wa akili. Hata hivyo, mtoto ajidhuruye au adhuruye wenziwe apelekwe kwa daktari bila kukawia.