Pikapu ya Dizeli Ikikosa Mafuta: Anza Kwenye Tangi Kabla ya Kufungua Pampu

Msimu wa mavuno simu nyingi ninazopokea si za wadudu wala mbolea, ni za pikapu. Kijana amepakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, akifika mlima Kitonga gari inakosa nguvu, inazima. Fundi wa kwanza anayekutana naye anamwambia, "Pampu imekufa." Kabla hujatoa hela ya pampu, hebu tuongee kidogo.

Kwenye pikapu nyingi za zamani, zile zenye pampu ya kawaida isiyo na kompyuta, hakuna pampu ndani ya tangi. Pampu iliyoko kwenye injini ndiyo inayovuta dizeli kutoka tangini, kupitia mipira na filta, halafu inaisukuma kwenye nozo. Kwa hiyo mpira ukipasuka kidogo kabla ya pampu, au klipu ikilegea, mara nyingi hutaona dizeli ikidondoka chini. Inaingia hewa. Hapa ndipo wengi wanapotea: wanatafuta mafuta yanayovuja, hawayaoni, wanahukumu pampu.

Hewa ina dalili zake. Gari ikilala, asubuhi unapiga selfu mpaka betri inachoka, kwa sababu usiku dizeli imerudi tangini. Bonyeza kile kipampu cha mkono juu ya filta mpaka kiwe kigumu, kisha washa. Ikiwaka upesi, umeshapata njia ya kufuata. Kisipokuwa kigumu kabisa, kuna mahali panavuta hewa, au chenyewe kimechoka.

Ikiwaka vizuri, tambarare inakwenda, ila mlimani na mzigo inalegea, shuku filta iliyoziba au mpira laini unaojikunja unapovutwa. Ikizima, ukasubiri dakika kadhaa ikawaka tena, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia tangi linavuta hewa kwa nguvu na gari ikapata uhai, tundu la kupumulia limeziba. Isipobadilika, huenda kuna uchafu unaokwenda kuziba bomba la kuvutia.

Tazama na ekzosi wakati unapiga selfu. Hakuna moshi hata kidogo? Dizeli haifiki. Angalia kwanza waya wa ile swichi ya umeme inayokata mafuta kwenye pampu. Waya kuchomoka ni kitu cha kawaida sana. Moshi mweupe mwingi maana yake dizeli inafika ila haiungui, basi nenda kwenye plagi za kupasha moto au kompresheni, usihangaike na mipira.

Kipimo ninachokipenda ni cha dumu. Chukua dumu safi la lita 5, weka dizeli safi, lifunge imara mbali na ekzosi. Mpira unaotoka tangini kwenda kwenye filta uchomoe, weka badala yake mpira unaoonyesha ndani, utie dumuni. Ule wa kurudisha mafuta nao uelekeze humo humo. Toa hewa, washa, piga resi gari ikiwa imesimama. Ikitulia, tatizo liko nyuma, kati ya tangi na filta. Isipotulia, badili filta urudie. Mapovu kwenye mpira huo mpya yasikutishe mwanzoni, lakini yakiendelea, kaza maungio. Ikishindikana hapo ndipo tuzungumze habari ya pampu na nozo.

Angalizo: gari za kisasa, kama Hilux za D-4D, usilegeze bomba za nozo ili kutoa hewa. Presha humo inapita bar 1,000, wakati tairi lako lina bar 2 au 3. Dizeli hiyo inatoboa ngozi, na kidonda kidogo tu ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Filta na maji unaweza kukagua mwenyewe, yanayobaki mpelekee fundi mwenye mashine ya kupimia.

Kuhusu maji: sisi wakulima tunaweka dizeli kwenye madumu na mapipa kwa ajili ya mashine za kumwagilia, kisha tunamimina hiyo hiyo kwenye gari. Pipa likikaa nusu, maji yanajitengeneza ndani kwa baridi ya usiku. Fungua skrubu ya chini ya filta, kinga kwenye chupa ya kioo, acha itulie. Maji yatakaa chini. Ukiona na utelezi mweusi, shusha tangi lioshwe, maana filta mpya itaziba wiki hiyo hiyo.

Kwenye gari beba filta moja ya akiba, klipu mbili na kipande cha mpira wa dizeli.