Sanamu Zisizo na Majina

Kila apitaye Barabara ya Jomo Kenyatta hapa Mombasa huzipita sanamu za askari zilizowekwa na Waingereza baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Ndugu zake ziko Nairobi na Dar es Salaam. Maneno ya kumbukumbu hizo yalitungwa na Rudyard Kipling, mshairi wa Kiingereza ambaye mwanawe aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1915. Ndani yake mna ahadi: apiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Ahadi njema. Majina yenyewe, lakini, hayakuandikwa.

Wametajwa pia wapagazi, waliobeba unga na risasi vichwani kulifuata jeshi. Wengi hawakuuawa na risasi bali na njaa, homa na tumbo la kuhara damu. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na midomo yetu ikakifanya Kariakoo. Ndiyo asili ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Tunaponunua vitambaa sokoni humo ni wachache wetu wanaolikumbuka hilo.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wakubwa wa zama hizo walidai kuwa Mwafrika hajali alama ya kaburi. Laiti wangaliwauliza wake zao! Mama zetu mnaosoma mwajua uzito wake: mke asiyepata habari ya mumewe hajui aanze eda lini, wala mirathi haigawiwi kwa dhana. Jina moja katika orodha lingalimfungua mwanamke kifungo cha miaka.

Nasi watu wa Pwani tuna kisa chetu, kule vilima vya Mwele upande wa Kwale. Mwaka 1895 Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gazi, aliwapinga Waingereza, nao wakaivamia na kuivunja ngome yake ya Mwele. Mwaka uliofuata akavuka kwa Wajerumani, na ugenini ndiko alikofia. Miaka ishirini baadaye, Januari 1916, vijana wa Kiarabu wa pwani hii hii, wengi wao Washihiri waliokuwa wakibeba maji mjini, walipigana Mwele kwa upande wa Waingereza. Mkuu wao, Meja Wavell, aliyewahi kwenda Makka kwa kujigeuza sura na kuandika kitabu cha safari hiyo, aliuawa huko pamoja na baadhi yao. Wavell twamjua kwa jina, cheo na siku ya kifo chake. Wabeba maji wake je? Na Mbaruk, aliyeipigania nchi kwa maana iliyo wazi zaidi, hayumo katika shaba ile ya barabarani. Kwetu sisi, mpangilio huo wa heshima ni wa mtawala, na haukutulazimu kuurithi.

Ikiwa sandukuni mwenu mna nishani ya babu au karatasi yake ya jeshi, muulizeni bibi angali hai. Andikeni jina lake kamili, la baba yake, la babu yake, na kijiji alikotoka siku aliyochukuliwa.