Kyela: Kokoa Inasubiri, Ada Haisubiri

Swali la 14 kwenye dodoso letu lilikuwa hivi: "Je, mkulima ana elimu ya uchachushaji?" Majibu mawili, Ndiyo au Hapana. Nyumba nne za kwanza niliweka tiki kwenye Hapana, maana kila nilipolisoma swali lile watu walinitazama tu. Nyumba ya tano, mama mwenyeji akaniuliza, "Uchachushaji ndiyo nini, mwanangu?" Nikamweleza nilivyokariri darasani. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Si kuvundika huko? Njoo huku nyuma."

Nyuma ya jiko kulikuwa na sanduku la mbao lenye matundu chini, limefunikwa majani ya mgomba na magunia juu yake. Akaniambia nitie mkono. Niliutia, nikautoa mbio. Ndani kulikuwa na joto la maji ya kuoga ya Tukuyu wakati wa baridi, na harufu iliyokuwa katikati ya pombe na siki. Jioni ile nilirudi kwenye zile fomu nne nikiwa na aibu zangu.

Tulikuwa Kyela kwa fild, wanafunzi watatu na begi la madodoso. Ukitoka Mbeya unapita Tukuyu kwenye chai na ukungu, halafu barabara inateremka mpaka kwenye joto la tambarare ya Ziwa Nyasa, kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Wengi wetu tunaijua Kyela kwa mchele, ila sehemu kubwa ya kokoa ya Tanzania inatoka hukohuko, na inalimwa na watu wenye ekari moja au mbili, siyo mashamba makubwa.

Ukiingia shambani unaweza usijue kama umeingia shambani. Ni kama msitu: michikichi, miembe, migomba, na chini yake mikokoa, kwa sababu mti huu unapenda kivuli. Maua yake madogo hayatoki kwenye ncha za matawi, yanatoka kwenye shina lenyewe, na tunda linaning'inia hapo kama mtu amelibandika. Toka ua hadi tunda kuiva ni miezi mitano au sita. Mzee mmoja alimkaripia mwenzetu aliyetaka kulinyofoa tunda kwa mkono. Ukikichubua kile kifundo kwenye shina, alisema, umejinyima maua ya msimu ujao. Linakatwa kwa kisu, taratibu. Kulipasua nako wanatumia gongo, maana panga linajeruhi mbegu zilizo ndani. Mbegu zenyewe zimevikwa utando mweupe wa utelezi, mtamu wenye uchachu, unaofanana kidogo na stafeli. Tulikula kwanza, kazi ikafuata.

Utando ule ndio unaofanya kazi sandukuni. Hamira ya asili inakula sukari yake na kutengeneza pombe, kisha bakteria wanaigeuza pombe kuwa siki. Joto linapanda hadi kama nyuzi 45 au 50, mbegu inakufa, na ndani yake rangi ya zambarau inaelekea kuwa kahawia. Ukali unapungua na chanzo cha ladha ya chokoleti kinajengeka. Ni siku tano hadi saba, huku unageuza kila baada ya siku mbili ili hewa ipite. Baada ya hapo unaanika juani kwenye kichanja wiki nzima au zaidi, mpaka maji yabaki kama asilimia 7. Mvua ikija mnakimbilia turubai, na Kyela mvua si mgeni. Usipovundika, hakuna kiwanda kitakachoirudisha ladha hiyo baadaye.

Haya yote mama alinieleza kwa maneno yake, bila bakteria. Alikata mbegu kavu mbili kwa urefu, moja ya kahawia yenye nyufa ndani, nyingine ya kijivu, akaniuliza ipi ni yake. Elimu anayo kunizidi. Sasa kwa nini wiki iliyotangulia aliuza ndoo mbili za kokoa mbichi kwa mtu wa pikipiki, wakati viongozi wanakataza?

"Mtoto alirudishwa ada."

Kokoa kavu inapelekwa chama cha msingi, inapimwa, unapewa stakabadhi, inakusanywa ghalani, inasubiri mnada, halafu pesa zinaingia zikiwa zimekatwa makato. Ukijumlisha sanduku, kichanja na mnada, ni wiki kadhaa. Mtu wa pikipiki analipa palepale, kwa ndoo na si kwa mizani, bei anayojua yeye. Sisi wenyewe bumu likichelewa tunakopa dukani kwa bei yoyote, halafu tunaandika kwamba wakulima hawana uelewa.

Kuna jambo lingine ambalo dodoso halikuuliza kabisa. Kokoa kidogo haivundiki vizuri, kwa sababu lundo dogo halipati joto. Mwenye ekari moja anavuna kila baada ya wiki mbili hivi, na pengine anapata kilo 10 au 15 mbichi, ambazo zikikauka hazifiki nusu ya uzito huo. Kwa hiyo mama na majirani zake watatu wanachangia sanduku moja. Kila mmoja anapimiwa mbichi, inaandikwa kwenye daftari la shule, na kavu inagawanywa kwa uwiano. Nililiona daftari. Jina moja lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu. Nilipouliza, akasema huyo alikuwa anachanganya na matunda yaliyooza kwa ugonjwa, sanduku zima likaharibika. Bado wanasalimiana, lakini sandukuni harudi.

Mwaka 2024 bei ya dunia ilipita dola 12,000 kwa tani, baada ya mavuno kuharibika Ivory Coast na Ghana, nchi mbili zinazotoa zaidi ya nusu ya kokoa yote. Mwaka 2025 ikashuka sana. Nilimuuliza mama kama ile bei ya juu ilimsaidia. Akasema ndiyo, bati hili ni la mwaka ule, akaonyesha juu. Ila na watu wa pikipiki waliongezeka, na wezi wa usiku wakaanza kuvuna mashamba ya watu. Watu walilala shambani na tochi.

Tuliporudi chuo nilipendekeza swali la 14 lifutwe, na badala yake tuulize: "Mara ya mwisho ulipouza mbichi, ulihitaji pesa ya nini?" Msimamizi alisema majibu ya namna hiyo ni magumu kuyaingiza kwenye kompyuta. Zile tiki nne nimezirekebisha kwa kalamu, na pembeni nimeandika neno kuvundika.