Ametoroka, Amepotea, Amepotezwa: Mpelelezi na Vijana Waliotoweka Meru na Embu

Makala haya yanakusudia kueleza tatizo moja la kiutunzi ambalo, kwa maoni yetu, halijapewa nafasi linayostahili katika mijadala ya fasihi pendwa ya Kiswahili. Riwaya ya upelelezi hubadilika vipi pale mpelelezi anapomtafuta, si muuaji, bali kijana aliyetoweka? Na hubadilika vipi zaidi pale vijana wanapokuwa wawili, mmoja mtoto wa tajiri na mwingine mtoto wa maskini? Tutaiweka hoja yetu Meru na Embu, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Huko utajiri na ufukara huachana kwa safari fupi ya matatu, na katika miaka ya hivi karibuni suala la vijana kutoweka halikuwa la kubuni.

Msomaji wa Kiswahili alizoeana na mpelelezi kupitia kwa Bwana Msa. Riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda shindano la uandishi la 1957–58 na kuchapishwa mwaka wa 1960, ilimleta mtu wa kiko na fikra, akiandamana na Najum, huku Inspekta Seif akiwakilisha polisi. Baadaye Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo (1965), Elvis Musiba akamwanzisha Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), na Ben Mtobwa akatupa Joram Kiango. Kazi hizi zinatofautiana sana, ila kwa kiasi kikubwa zinategemea maiti, njama au siri ya ukoo. Tzvetan Todorov, katika insha yake ya mwaka 1966 kuhusu aina za riwaya ya upelelezi, alieleza kwamba utanzu huu hubeba hadithi mbili: hadithi ya uhalifu, ambayo imekwisha kabla ya upelelezi kuanza, na hadithi ya upelelezi wenyewe. Mpelelezi basi hutembea kinyumenyume. Anaweza kuwasha kiko chake na kutafakari, kwani maiti haina haraka.

Kijana aliyetoweka anauvuruga mpango huo. Hadithi ya kwanza haijaisha. Inaendelea mahali fulani wakati ya pili inasimuliwa, na kila saa inayopita inaweza kubadilisha mwisho wake. Aidha, hatujui kama kuna uhalifu wowote. Labda kijana amekwenda kwa shangazi. Kabla ya kuuliza ni nani aliyetenda, mpelelezi analazimika kuuliza kama kuna lililotendwa. Hapo ndipo, kwa mtazamo wetu, sarufi inapoingia katika upelelezi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana wa miaka kumi na sita, binti wa daktari mjini Embu, hakurudi nyumbani Ijumaa. Wiki hiyohiyo mvulana wa umri huo, aliyeacha shule ili achume miraa katika mashamba ya Igembe karibu na Maua, hakuonekana tena kwa bibi yake. Babake msichana anaendesha gari hadi kituo cha polisi akiwa na picha tano za bintiye. Bibi ya mvulana anamwendea mzee wa kijiji, kisha naibu wa chifu, na picha aliyo nayo ni moja, ya darasa zima. Kuhusu msichana, watu watasema: ametekwa nyara. Kuhusu mvulana watasema: ametoroka, ameenda Nairobi na magari ya miraa.

Mwanafunzi wa sarufi atatambua mara moja tofauti iliyopo. Kitenzi "toroka" humfanya kijana kuwa mtenda. Ni yeye aliyeamua, na lawama ni yake. "Tekwa" kimo katika kauli ya kutendwa, na kila kauli ya kutendwa inatudai mtendaji hata kama hakutajwa: ametekwa na nani? Katikati yake kuna "potea", kitenzi kisicho na mtendaji wala mshukiwa, kana kwamba kijana ni sarafu iliyopenya kwenye mfuko uliotoboka. Lakini kitenzi hichohicho kikinyambuliwa katika kauli ya kusababisha tunapata "poteza", na tukikirudisha katika kutendwa tunapata "potezwa". Mofimu mbili tu zimeongezwa, na papo hapo pamezuka mtu mwingine katika sentensi. Nusu ya kazi ya mpelelezi wa kijana aliyetoweka ni kubaini ni mnyambuliko upi unaomfaa kijana huyo. Na hapa ndipo tabaka linapofanya kazi yake kimyakimya, kwa kuwa mtoto wa tajiri hupewa kauli ya kutendwa bila ushahidi, ilhali mtoto wa maskini hupewa kauli ya kutenda, vilevile bila ushahidi.

Jambo hili si la Kenya pekee. Katika hadithi ya Shule ya Priory ya Arthur Conan Doyle (1904), mtoto wa mtawala mkubwa wa Kiingereza anatoweka bwenini usiku, na usiku huohuo mwalimu mmoja Mjerumani anatoweka pia. Zawadi ya pauni elfu kadhaa inatangazwa kwa ajili ya mtoto. Mwalimu hatangaziwi chochote ila shaka. Sherlock Holmes anapoipata baiskeli ya mwalimu na kisha maiti yake, inabainika kwamba maskini huyo alimwona mtoto akiondoka, akamfuata ili amwokoe, akauawa njiani. (Holmes, tukumbuke, anaikunja hundi yake vizuri na kuitia mfukoni.)

Turudi Igembe. Mwandishi atakayeiandika riwaya hii hana budi kuyajua mambo ya mahali, la sivyo mpelelezi wake atakuwa mtalii. Kwa mfano, wakati wa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka wavulana wengi wa Meru hupashwa tohara na kukaa faraghani kwa muda. Mgeni anaweza kudhani kijana ametoweka, kumbe kijiji kizima kinajua alipo na hakitasema. Kinyume chake, msichana anayekimbia kukeketwa au kuozwa hujificha kwa watu wa kanisa au kwa mwalimu, na wanaomtafuta kwa bidii kubwa huenda ndio waliotaka kumdhuru. Mpelelezi anayempata msichana kama huyo na kumrudisha nyumbani huku akishangiliwa, amefaulu katika kazi gani?

Kuna pia suala la lugha. Bibi yetu atasimulia kwa Kimeru cha Kiigembe, askari atamuuliza kwa Kiswahili, na Daftari la Matukio, ambalo Wakenya wote huliita OB, kwa kawaida litaandikwa kwa Kiingereza. Kitenzi cha bibi kimevuka mipaka miwili kabla ya kufika kwenye karatasi. Mpelelezi anayesoma daftari pekee anasoma tafsiri ya tafsiri. Bwana Msa hakukabiliwa na shida hii, kwani Unguja yake iliongea Kiswahili kutoka sebuleni hadi kituoni. Riwaya ya upelelezi ya Kenya ya bara haina bahati hiyo, au tuseme ina utajiri ambao bado haujachimbwa. Aidha, mwandishi asiurudie uvumi kwamba ni lazima mzazi angoje saa 24 kabla ya kupiga ripoti. Hakuna sheria ya Kenya inayosema hivyo. Saa 24 zilizomo katika Katiba ya 2010, ibara ya 49, zinahusu muda ambao mtu aliyekamatwa anapaswa kufikishwa mahakamani, jambo ambalo ni tofauti kabisa.

Tofauti hiyo inatufikisha Kianjokoma, Kaunti ya Embu. Usiku wa tarehe 1 Agosti 2021, ndugu wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine 19, walikamatwa na polisi kwa kukiuka kafyu ya janga la korona. Hawakurudi nyumbani. Jamaa zao waliwatafuta, na siku mbili baadaye miili yao ikapatikana katika chumba cha maiti mjini Embu. Polisi walidai kwamba vijana hao waliruka kutoka kwenye gari lililokuwa likienda. Angalia kitenzi: waliruka, kauli ya kutenda. Upasuaji ulionyesha majeraha ya kichwa na mbavu. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi (IPOA) ilichunguza, na maafisa sita wakashtakiwa kwa mauaji, mashtaka waliyoyakana. Mwezi Desemba 2024 kijana mwingine alichukuliwa mjini Embu, mmoja wa waliotoweka baada ya kuikosoa serikali mtandaoni, akaachiliwa mwanzoni mwa Januari 2025. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imetaja visa 82 vya aina hiyo tangu Juni 2024.

Visa hivi vinaitikisa nguzo ya utanzu wenyewe. Riwaya ya upelelezi huchukulia kwamba mwishowe kuna Inspekta Seif wa kumkabidhi mhalifu. Iwapo anayeshukiwa ndiye mwenye pingu, mpelelezi atampeleka mtu wake kwa nani? Willy Gamba, mtumishi wa dola, hafai hapa. Bwana Msa na Joram Kiango, ambao hawapokei amri ya mkuu yeyote wa polisi, wanafaa zaidi, ingawa nao watahitaji mshirika mpya: wakili. Kwa mujibu wa ibara ya 25 na ya 51 ya Katiba, haki ya kuiomba mahakama iamuru mtu anayezuiliwa aletwe mbele yake haiwezi kuwekewa mipaka. Mahakamani hakuna anayeulizwa kama kijana alitoroka. Anayeulizwa ni aliye naye, na swali ni moja: yuko wapi?

Katika mfano wetu, mpelelezi angeweza kuziunganisha kesi zake mbili kupitia swali hilohilo. Binti wa daktari yumo katika jalada la Embu na mvulana yumo katika jalada la Maua, kaunti mbili, vitenzi viwili, na hakuna askari aliyewahi kuyaweka majalada hayo juu ya meza moja. Afute "ametekwa" katika moja, afute "ametoroka" katika jingine, kisha asome tena tarehe, saa na jina la gari la mwisho ambalo kila mmoja wao alionekana akipanda.