Manii, Madhii na Wadii: Maumbile ya Mwanamume na Hukumu za Tohara

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake.

Hapa Kamanga, wilayani Sengerema, ng'ambo ya ziwa kutoka Mwanza mjini, wapo wanaume wanaoamka alfajiri kuvuta nyavu, na wengine kubeba magunia kivukoni. Swali lao hutufikia kwa kunong'onezwa: "Nimetokwa na kitu baada ya kunyanyua mzigo, je, nina janaba?" Anayeona haya kuuliza huiacha Swala ya Alfajiri mpaka apate nafasi ya kuoga, kumbe hakuwa na janaba. Mwingine huswali nayo kwa kudhani ni jambo dogo. Yote mawili ni hatari.

Haya si mapya. Sayyidna Ali (r.a.) alikuwa akitokwa sana na madhii, akaona haya kumuuliza Mtume (s.a.w.) kwa kuwa alikuwa amemuoa bintiye, Fatuma. Lakini hakunyamaza, alimtuma Miqdad (r.a.) amuulizie. Jibu likaja kwamba aoshe utupu wake na atawadhe. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Maumbile yenyewe

Mbegu za uzazi hutengenezwa katika korodani. Mwenyezi Mungu ameziweka nje ya kiwiliwili kwa hekima: mbegu huhitaji ubaridi kidogo kuliko joto la mwili, ambalo ni kiasi cha nyuzi 37. Mbegu hukomaa kwa muda wa miezi miwili hivi na zaidi, kisha hupita katika mirija mpaka nyuma ya kibofu. Huko huchanganyika na majimaji ya vifuko vya manii na ya tezi dume. Mchanganyiko huo ndio manii, na mbegu zenyewe ni sehemu ndogo tu ya maji hayo.

Madhii ni kitu kingine. Hutoka katika tezi ndogo zilizo chini ya tezi dume pale matamanio yanapoamka. Ni mepesi, yanateleza, na hutoka bila kuruka. Wadii ni mazito, meupe, hutoka baada ya mkojo au wakati wa kunyanyua kitu kizito. Wanazuoni wamekitaja kisa hiki cha mzigo waziwazi katika vitabu vya fiqhi.

Hukumu zake

Katika madh-hebu ya Imamu Shafi'i, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki, manii hujulikana kwa moja ya alama tatu: kutoka kwa kuchupa, kutoka kwa ladha inayofuatiwa na ulegevu, au harufu kama ya unga uliokandwa yakiwa mabichi, na ya ute wa yai yakikauka. Manii huwajibisha josho, ingawa yenyewe ni tohara. Mahanafi na Wamaliki wanasema ni najisi. Madhii na wadii ni najisi, hutengua udhu, lakini hayawajibishi josho: mtu ataosha palipopatwa, mwilini na nguoni, kisha atatawadha. Asiyeweza kubainisha kama ni manii au madhii ana hiari ya kuchagua moja na kufuata hukumu yake.

Ikionekana damu

Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ametaja kwamba manii huweza kutoka yakiwa mekundu, na josho likabaki wajibu. Lakini hukumu ya josho haimalizi jambo. Kichocho kilichoenea ziwani ni cha matumbo. Kile cha mkojo hupatikana zaidi katika madimbwi, malambo na majaruba ya mpunga ya Usukumani. Mayai ya minyoo yake huweza kukwama katika tezi dume na vifuko vya manii, damu ikaonekana katika mkojo au manii. Kina dawa, nayo ni prazikwanteli. Damu hiyo yaweza pia kuwa ya maradhi mengine. Basi mtu asikisie, aende akapimwe.

Maimamu wenzetu, tuyasomeshe haya darasani kwa lugha ya heshima. Sayyidna Ali (r.a.) alipata wa kumtuma; kijana wa kivukoni naye ampate.

Wallahu a'lam.